Pembe za Baiskeli na Sekunde 8

Sekunde 8 ni muda wa namna gani? Ndugu msomaji, hebu hesabu polepole kutoka moja hadi nane. Basi, umekwisha. Katika muda huo huwezi hata kufunga kamba za viatu, wala kumaliza kumwamkia mzee anayetaka kujua habari za nyumbani, za kazi na za watoto. Lakini mwaka 1989 vijana wawili waliendesha baiskeli wiki 3 nzima, wakaizunguka Ufaransa kwa zaidi ya kilomita 3,200, wakapanda milima na kuishuka, na mwisho wa yote wakatenganishwa na sekunde hizo 8. Mmoja alipanda jukwaani Paris na jezi ya manjano. Mwenziwe alivuka mstari akaporomoka chini, pumzi juu juu.

Mashindano ya Tour de France yalianza mwaka 1903. Katika Tour ya wanaume haijapata kutokea tofauti ndogo kuliko hiyo, hata leo. Na watu wengi ukiwauliza ni nini kilichowatenganisha wale wawili watakujibu bila kusita: kipande cha bomba kilichofungwa kwenye usukani.

Historia ya bomba hilo naona inatuhusu, hata sisi ambao hatujawahi kumiliki baiskeli ya mashindano. Ndani yake mna swali ambalo kila kijana mwenye wazo jipya hukumbana nalo siku moja: nani ana haki ya kusema kwamba hiki ni kipaji, na hiki ni hila?

Kwanza tumjue adui. Wengi wetu hudhani adui wa mwendesha baiskeli ni mlima. Mlimani ni kweli. Lakini kwenye barabara tambarare, mwendo ukishafika kilomita 40 kwa saa, adui mkubwa ni hewa. Sehemu kubwa kabisa ya nguvu zako inaishia kuisukuma hewa, na kidogo tu kinabaki kwa ajili ya tairi na cheni. Tena hewa haina huruma. Ukiongeza mwendo mara mbili, ukinzani wake hauongezeki mara mbili bali mara nne, na nguvu unayotakiwa kuitoa ni mara nane. Katika mzigo huo baiskeli yenyewe ni kitu kidogo. Kinachokamata upepo hasa ni mwili wa mtu, kifua na mabega yaliyotanuka kama tanga la jahazi.

Wauza mkaa wanaoingia Dar es Salaam na Phoenix zao wanalijua jambo hilo bila kufundishwa fizikia. Upepo wa mbele ukivuma, jamaa anainama mpaka kidevu kinakaribia usukani. Tatizo ni kwamba ukiinama huku mikono imeshika usukani wa kawaida, viwiko vinatanuka kando, kifua kinabaki wazi, na baada ya muda mfupi mgongo na shingo vinaomba msamaha. Kwa miaka na miaka mabingwa wa Ulaya waliishi na tatizo hilo. Walipunguza uzito wa fremu, wakatoboa matundu kwenye vyuma ili wapate nafuu ya gramu chache. Mikono ikabaki pale pale ilipokuwa siku zote.

Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Na kweli, jawabu halikutoka kwa wenyeji. Alilileta Mmarekani aliyeitwa Boone Lennon, ambaye kazi yake ilikuwa kufundisha watu kuteleza kwenye theluji. Katika mchezo huo, mtu anayeteremka mlima kwa kasi hujikunja kama yai, mgongo ukawa sawa na ardhi, mikono akaileta pamoja mbele ya uso ili ipasue hewa. Lennon alijiuliza kwa nini mwendesha baiskeli asifanye vivyo hivyo. Akabuni bomba la alumini lililokunjwa na kuchomoza mbele ya usukani, pamoja na vimto vya kuegemezea mikono karibu na viwiko. Mtu akilalia pale, viwiko vinaingia ndani, kifua kinafichika, mgongo unanyooka, na mifupa ndiyo inayobeba uzito badala ya misuli. Kampuni ya Scott, ambayo nayo ilianzia kwenye fimbo za kutelezea theluji, iliyaingiza mabomba hayo sokoni mwaka 1987. Iliyapa jina la DH, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuteremka mlima. Mimi nitayaita pembe, maana baiskeli iliyofungwa kitu hicho hufanana na mnyama anayetaka kupiga.

Haki itendeke, wazo la kuegemeza viwiko lilikuwa limeshaanza kuota. Mwaka 1986 Mmarekani mwingine, Pete Penseyres, aliivuka nchi yake kutoka bahari hadi bahari kwa siku 8 na saa chache, huku akiwa amefunga kwenye usukani wake kifaa cha kuegemezea viwiko. Yeye alikuwa akitafuta njia ya kupumzika bila kusimama. Kumbe pumziko hilo hilo lilikuwa linampa na mwendo.

Waliozikumbatia pembe mapema ni watu wa triathloni, mchezo wa kuogelea, kuendesha na kukimbia kwa mfululizo. Hapana ajabu. Mchezo wao ulikuwa mchanga, hauna wazee wala mila, na kijana angeweza kujaribu jambo bila kuulizwa babu yake alifanyaje. Ulaya ilikuwa tofauti. Kule mchezo wa baiskeli ulikuwa kama ukoo wenye mababu. Kulikuwa na namna ya kukaa, namna ya kuvaa, hata namna ya kukunja soksi. Mtu mwenye pembe kwenye usukani alionekana kituko.

Mwezi Mei 1989 yalifanyika Marekani mashindano yaliyoitwa Tour de Trump, kwa jina la mfanyabiashara Donald Trump ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa rais. Timu ya 7-Eleven ilitumia pembe katika mbio za saa, yaani zile ambazo kila mtu huondoka peke yake na kupimwa muda wake, bila kujificha nyuma ya mgongo wa mwenzake. Mtu wao, Dag Otto Lauritzen wa Norway, akashinda mashindano yote. Miongoni mwa walioshiriki alikuwamo Greg LeMond.

Huyu LeMond, bwana, alikuwa mtu ambaye wengi walishamzika kimchezo. Mwaka 1986 alikuwa Mmarekani wa kwanza kushinda Tour de France. Aprili 1987 alikwenda kuwinda bata mzinga, na shemeji yake akampiga risasi kwa bahati mbaya. Gololi ndogo ndogo zilimwingia mwilini kwa makumi. Alinusurika kwa sababu alifikishwa hospitali upesi, lakini nyingine zilibaki humo humo mwilini mwake, kwani kuzitoa kulikuwa hatari kuliko kuziacha. Alipokwenda kwenye Tour ya 1989 alikuwa katika timu ndogo ya Ubelgiji, ADR, na hakuna aliyemhesabu. Mtu wa namna hiyo hana cha kupoteza. Ukimwambia afunge pembe, atafunga.

Upande wa pili alikuwapo Laurent Fignon, mtoto wa Paris, mwenye miwani na nywele ndefu za rangi ya dhahabu zilizofungwa nyuma. Alikuwa ameshinda Tour ya 1983 na ya 1984. Mwaka huo huo wa 1989, wiki chache kabla, alikuwa ametoka kushinda mashindano makubwa ya Italia, Giro d'Italia. Alikuwa mwenyeji, bingwa na mjuzi.

Wiki 3 zile walipokezana jezi ya manjano kama watoto wanaogombea embe. LeMond aliichukua kwenye mbio za saa za kilomita 73 kutoka Dinard hadi Rennes, ambako alizitumia pembe zake. Fignon akamnyang'anya milimani. LeMond akairudisha. Fignon akaichukua tena kule Alpe d'Huez. Siku ya mwisho, tarehe 23 Julai, Fignon alikuwa mbele kwa sekunde 50. Kwa kawaida siku ya mwisho huwa ya sherehe tu, lakini mwaka ule waandalizi walikuwa wameweka mbio za saa, kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi barabara maarufu ya Champs-Élysées. Hesabu ilikuwa rahisi. LeMond alihitaji kumla Fignon sekunde 2 na ushei katika kila kilomita. Wajuzi wengi walisema haiwezekani.

LeMond aliwaambia watu wake wasimpe habari ya muda wowote njiani. Hakutaka kujua. Alilala juu ya pembe zake, kofia ya plastiki yenye mkia kichwani, akanyonga kwa dakika 26 na sekunde 57, wastani wa kilomita 54.5 kwa saa. Nyuma yake alikuja Fignon. Baiskeli yake ilikuwa na magurudumu mawili yaliyozibwa kama sahani, usukani hauna pembe, kichwa hakina kofia, nywele zinapeperuka. Chini alikuwa na jipu la kwenye kiti lililomtesa kwa siku kadhaa. Akamaliza kwa dakika 27 na sekunde 55. Toa 50 kwenye 58, unabaki na 8. Kwa mwendo wa LeMond siku ile, hizo ni kama mita 120 tu za barabara, baada ya kuzunguka nchi nzima. Mcheza kwao hutuzwa, lakini siku ile Paris methali iliteleza.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza, na sidhani kama yamekwisha. Kanuni ya siku zile ilifahamika kuwa mwendeshaji aegemee sehemu 3 tu: kiti, pedali na usukani. Pembe zilimpa mahali pengine pa kuegemea, yaani viwiko. Waamuzi waliziruhusu. Fignon alilalamika juu ya jambo hilo hata katika kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 2009, mwaka mmoja kabla ya kufariki kwa saratani akiwa na miaka 50. Kwake yeye, aliporwa.

Nami simcheki. Ukitazama historia yake utaona kidonda kilikuwa cha zamani. Katika Giro ya 1984 Fignon aliingia siku ya mwisho akiongoza. Zilikuwa mbio za saa vile vile, kilomita 42 hadi Verona. Mpinzani wake, Mwitaliano Francesco Moser, alikuja na magurudumu yaliyozibwa, yale yale aliyokuwa ametumia mwezi Januari mwaka huo kule Mexico City kuvunja rekodi ya saa moja kwa kwenda kilomita 51.151. Fignon alikuwa kwenye baiskeli ya kawaida. Akapoteza zaidi ya dakika 2 na Giro ikaondoka. Fikiria basi: mtu mmoja, mara mbili katika maisha yake, anapokonywa taji siku ya mwisho na mtu mwenye chombo kipya.

Lakini hapa lazima niseme ninaloliamini. Mdharau mwiba guu huota tende. Tarehe 23 Julai 1989 magurudumu yaliyozibwa, ambayo mwaka 1984 yalimuumiza, Fignon alikuwa nayo mawili. Somo la jana alilihifadhi vizuri. La leo lilikuwa mbele ya macho yake tangu siku ile ya Rennes, zaidi ya wiki 2 kabla ya Paris, lakini hakulisoma. Pembe hazikuwa siri ya jeshi. Zilikuwa zinauzwa dukani. Kama waamuzi walikubali mmoja azitumie, hata yeye angeweza kuomba. Kilichomzuia, kwa maoni yangu, ni kile kile kinachowazuia wajuzi wengi: kuona haya kuonekana kituko mbele ya ukoo.

Hata hivyo nisiwe mwepesi wa kuhukumu. Jipu lilimpunguzia Fignon nguvu. LeMond naye alikuwa na miguu ya ajabu, na wiki chache baadaye alithibitisha kwa kushinda ubingwa wa dunia wa barabarani huko Chambéry, katika mbio za kundi ambazo pembe hazina nafasi. Mwaka 1990 akaichukua Tour tena. Bomba peke yake halinyongi pedali.

Kama kisa kingeishia hapo, ningesema funzo ni jepesi: jaribu jambo jipya, utashinda. Lakini yuko Graeme Obree, na huyu ananinyima usingizi.

Obree alikuwa Mskoti ambaye duka lake la baiskeli lilikuwa limemfia. Hakuwa na kampuni wala maabara. Alijitengenezea baiskeli mwenyewe, akatumia hata beringi za mashine ya kufulia nguo. Naye alikuwa na jawabu lake kwa swali lile lile la mikono: aliikunja chini ya kifua, kama ndege aliyefumba mbawa, akalala juu yake. Tarehe 17 Julai 1993, huko Hamar nchini Norway, alikwenda kilomita 51.596 katika saa moja na kuivunja rekodi ya Moser iliyokuwa imesimama miaka 9. Siku 6 baadaye Mwingereza Chris Boardman akaivunja ya kwake kwa kilomita 52.270. Mwaka 1994 Obree akairudisha. Baada ya hapo chama cha kimataifa cha mchezo huo, UCI, kikapiga marufuku mkao wake, na kwenye mashindano ya dunia ya mwaka huo Palermo akatolewa.

Akafanyaje? Akarudi na mkao mwingine. Safari hii alitumia pembe ndefu, mikono imenyooshwa mbele kabisa kama mtu anayeruka angani. Watu wakauita Superman. Mwaka 1995 akawa nao bingwa wa dunia wa mbio za uwanjani za kufukuzana. Mwaka 1996 Boardman aliuazima mkao huo, akaenda kilomita 56.375 kwa saa moja. UCI wakaupiga marufuku nao. Mwaka 2000 wakasema rekodi ya saa lazima ivunjwe kwa baiskeli kama ya Eddy Merckx, aliyekwenda kilomita 49.431 mwaka 1972. Boardman akapanda baiskeli ya namna hiyo, usukani wa kizamani, hakuna pembe. Akapata kilomita 49.441. Mita 10 tu zaidi ya Merckx.

Tazama tarakimu hizo mbili za mtu mmoja: 56.375 na 49.441. Ni kweli miaka 4 ilikuwa imepita na alikuwa anakaribia kustaafu. Lakini karibu kilomita 7 hazipotei kwa sababu ya umri tu. Sehemu kubwa ni hewa, na namna ya kuikabili.

Sasa swali langu linarudi. Pembe za LeMond ziliruhusiwa. Mikono ya Obree ilikatazwa, tena mara mbili. Zote zilikuwa hila dhidi ya adui yule yule. Tofauti ni nini? Wenye chama walisema wanalinda sura ya baiskeli, isije ikawa mashindano ya mafundi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini naona kuna jambo jingine lisilosemwa. Nyuma ya pembe za LeMond ilikuwapo kampuni, yalikuwapo maduka na wateja. Nyuma ya mikono ya Obree hakukuwa na mtu ila Obree mwenyewe. Wazo lenye mwenyewe mkubwa huitwa maendeleo. Wazo la mtu wa mitaani huitwa utundu, mpaka mkubwa mmoja aliazime.

Wakati ulikuja kuwalainisha wakubwa. Mwaka 2014 UCI walilegeza kanuni, wakaruhusu rekodi ya saa itafutwe kwa baiskeli za kisasa na pembe zake. Mwaka 2022 Mwitaliano Filippo Ganna alikwenda kilomita 56.792, akaipita hata ile ya Boardman. Mkao wa Superman bado umekatazwa, na pembe zenyewe zina vipimo vyake. Kwenye mbio za kundi haziruhusiwi kabisa, kwa kuwa mikono inakuwa mbali na breki na mmoja akiyumba wanaanguka wengi. Mwaka 2021 walikataza hata kulaza mikono juu ya usukani wa kawaida kana kwamba pembe zipo.

Na pembe zimefika kwetu. Septemba 2025 Kigali ilikuwa mji wa kwanza wa Afrika kupokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Katika mbio za saa za wanaume, Mbelgiji Remco Evenepoel alilala juu ya pembe zake, akamkuta na kumpita barabarani Tadej Pogačar aliyekuwa ametangulia kuondoka. Wanyarwanda waliojaa kando ya barabara waliona kwa macho yao kile Boone Lennon alichokiona kwenye theluji.

Lakini pembe za siku hizi si bomba lililokunjwa tena. Mabingwa hupimwa mikono na kuchongewa za kwao peke yao, na baiskeli ya mbio za saa ni ya pili juu ya ile ya barabarani. Nchi maskini inayomleta kijana mwenye miguu mizuri inaambiwa alete na chombo. Kitu kilichoanza kama mlango wa mgeni kimegeuka geti lenye mlinzi. Hilo linaniuma kuliko sekunde 8 za Fignon.

Ndiyo maana, ninyi wenzangu mnaoandika usiku kwa mwanga wa koroboi na kuambiwa asubuhi kwamba hadithi haiandikwi hivyo, nawaomba mumkumbuke LeMond, lakini mumkumbuke zaidi Obree. LeMond alipewa ruhusa. Obree alinyimwa, akaenda nyumbani, akafikiri tena, akarudi na mkao mwingine.